Kimya cha Mpiga Tarumbeta

Juzi nilikuwa kwenye foleni katika duka la dawa pale Ukunda. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa Kizungu, mabega yameungua hadi yamekuwa mekundu, akafungua chupa ya mafuta ya kujikinga na jua ainuse kabla ya kuinunua. Harufu ikanifikia nilipokuwa. Ni harufu ya nazi, lakini si nazi. Sisi tuliokulia Msambweni tunajua nazi inavyonuka ikitoka kukunwa, na tunajua inavyonuka ikianza kuchacha. Ile ya kwenye chupa haijawahi kukaa chini ya mkono wa mtu. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikiishuku, na siku hiyo, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, niliishuku vilevile. Hata hivyo machozi yalinilenga, nikasahau nilichofuata dukani.

Maana vitabu vyetu vilinuka hivyo. Vililetwa na mama mdogo Saumu, kitindamimba wa bibi. Mama yangu alikuwa ameolewa Jego, akaniacha kwa bibi Msambweni nisome, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya sisi watatu wanawake. Saumu alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata kazi katika nyumba ya wageni kule Kinondo, kazi ya kufua, kupiga pasi na kutandika vitanda. Wageni walipoondoka waliacha vitabu chini ya vitanda, na aliyekuwa akifagia ndiye aliyerithi. Miaka ile kila mgeni alisoma mfululizo mmoja wa riwaya za vita, kwa sababu ulikuwa umetengenezewa filamu. Vilikuja vimevimba kwa maji ya chumvi, mchanga umejaa kwenye mishono, kurasa zimeng'ara kwa alama za vidole vyenye mafuta.

Mhusika wake ni mpiga tarumbeta wa jeshi la zamani, la enzi za mizinga ya kukokotwa na wanyama, huko Ulaya. Anaanza kijana asiye na mbele wala nyuma, kisha anapanda cheo kitabu baada ya kitabu. Kwa vile wageni hawakuviacha kwa mpangilio, sisi tulimjua akiwa mzee kabla hajawa kijana. Tulimzika mkewe, kisha miezi kadhaa baadaye ndipo tukaenda kwenye posa yao. Mama mdogo alisoma Kiingereza kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo, alasiri akitoka kazini, tumekaa mkekani nyuma ya nyumba na bibi anachambua mchicha. Mimi nilikuwa na tatizo langu. Kwetu tarumbeta ni ya harusi. Kwa muda mrefu niliamini kwamba vita ni aina fulani ya harusi ya wanaume, na nilikuwa nikingoja bi harusi atokee.

"Sasa wanampulizia nani?" nilimwuliza.

"Hawampulizii mtu, Bi Shaka. Hii ni vita."

"Basi mbona wamevaa vizuri?"

Bi Shaka ni jina nililopewa na bibi. Nilistahili. Nilikuwa mtoto wa kumwuliza mchuuzi wa samaki mbele ya wateja wake kama samaki huyu alivuliwa ama alijifia. Mtu akinisifu nilijiuliza anataka nini. Bibi alikuwa akisema kwamba hata nikiambiwa jua limechomoza, nitatoka nje nikahakikishe.

Filamu zilikuwa kwenye banda la video, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Mwenyewe alikuwa kijana wa kutoka bara, aliyekuja kutafuta kazi ya hoteli Diani, mambo yakamwendea kombo, akanunua televisheni. Sisi tulimwita Mfasiri, kwa kuwa alisimama kando ya kioo na kutueleza kila kilichokuwa kikisemwa. Jumamosi mchana watoto waliruhusiwa, wasichana upande wa mlangoni. Nilimshuku tangu siku ya kwanza kwa sababu alitafsiri hata pale ambapo watu katika filamu walikuwa wamefunga midomo.

"Oyaa, wasee! Cheki vile huyu jamaa anawaza! Anasema, leo lazima kieleweke!"

Hakuna aliyesema hivyo. Mpiga tarumbeta alikuwa akinywa maji tu.

Lakini hata Mfasiri angekaa kimya, filamu zenyewe hazikunipendeza. Mpiga tarumbeta wa kitabuni alikuwa mfupi, hana jino moja la mbele, na kwa sababu ya pengo hilo alijifunza kupulizia pembeni mwa mdomo, jambo lililomletea dhihaka nyingi jeshini. Wa kwenye filamu alikuwa mrefu na meno yote yalikuwepo, meupe, yamejipanga. Nyumbu wake mkaidi, ambaye mama mdogo alikuwa akimwigiza hadi bibi anacheka, alikuwa amegeuzwa farasi mweupe. Kulikuwa na binti wa jemadari ambaye kitabuni hayumo kabisa, anatokea kila mara kwenye dirisha na kuondoka. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama mdogo mambo hayo kama mtu anayepeleka mashtaka kwa chifu.

"Mashati yao je?" aliuliza. Yeye kazi yake ilikuwa pasi.

"Meupe."

"Yana mkunjo wa pasi mkononi, hapa?"

"Yana."

"Basi mwongo huyo. Watu wamelala kwenye matope wiki nzima, mkunjo umetoka wapi?"

Hapo ndipo nilipojenga imani yangu. Filamu hudanganya, kitabu husema kweli, na anayekisoma kitabu ni mdomo wa kitabu. Sikuwahi kujiuliza lolote zaidi ya hapo, mimi niliyejiuliza kuhusu samaki.

Tofauti iliyonikaa zaidi ilikuwa ya adui. Kwenye filamu adui alicheka ovyo na kupiga meza. Kitabuni, mama mdogo alisema, jemadari wa adui alikuwa mtu wa adabu sana. Kabla ya kuizingira ngome alipeleka kapu la matunda kwa waliomo ndani, pamoja na salamu na maulizo ya afya za wagonjwa. Kesho yake akafunga njia zote za maji. Nililala na jambo hilo. Nikaanza kuwaangalia kwa makini watu wote waliokuja kwetu na makapu.

Na kapu likaja. Lililetwa na Bwana Rashidi, mfanyabiashara wa mifugo kule Taru. Alifahamiana na mjomba Bakari, kaka yao mama na Saumu, kwenye biashara ya mbuzi wa Idi. Kwa kuwa babu alikwisha fariki, mjomba ndiye aliyekuwa walii wa Saumu, na neno lake ndilo lililokuwa neno. Bwana Rashidi alikuja na asali, akaja tena na samli, akaja na kitambaa cha bibi. Kila mara alivua viatu mbali na mlango. Alimwamkia bibi kwa "Shikamoo, mama," akamwuliza magoti, akamwuliza macho, na alingoja jibu la kila moja. Nami alinipa mkono kama mtu mzima. Ubaya wake sikuuona, na hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi.

"Bibi," nilisema akiondoka, "huyu atafunga maji."

"Maji gani tena?"

"Wewe ngoja tu."

Siku moja aliviona vitabu vimepangwa juu ya sanduku, akakichukua kimoja, akakipindua, akacheka kwa upole. "Hivi Taru havitakaa, Bi Saumu. Mbuzi watavila." Watu wote walicheka, hata bibi. Mama mdogo alitabasamu, akakipokea kitabu, akakirudisha mahali pake, na nikaona amekiweka kichwa chini miguu juu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Baada ya hapo habari ya posa ikaenea. Mama mdogo alikuwa amepata nafasi ya kujifunza kazi ya mapokezi kule kazini kwake, asimame mbele badala ya kufua nyuma, na alikuwa ameizungumzia mwezi mzima hadi tukachoka. Sasa akaacha kuizungumzia. Hakulia wala hakugomba. Nilimwuliza kama anataka kwenda Taru, akaniambia nimletee kibiriti. Nikamfuata bibi, ambaye alikuwa akikuna nazi.

"Bibi, bi harusi huulizwa?"

"Huulizwa. Ni sharti. Walii wake humjia na mashahidi, akamwuliza kama ameridhia."

"Naye husema nini?"

"Mwanamwali hasemi. Akisema ndiyo, watu watasema hana haya. Hunyamaza, na kimya chake ndiyo ridhaa yake."

"Na asiyetaka?"

"Asiyetaka husema sitaki."

"Na akimwonea haya kaka yake?"

Bibi alisimamisha mkono. Alinitazama, akautazama mlango wa chumba cha Saumu, kisha akaendelea kukuna kwa nguvu kuliko mwanzo. "Ondoka hapa, nazi itakuingia nyweleni," alisema.

Ni wiki hiyohiyo mama mdogo alipoanza kunisomea kitabu cha mwisho. Alikisoma chumbani, mimi na yeye tu. Ngome imezingirwa, chakula kimekwisha, wagonjwa wamejaa uani. Jemadari wa adui, yule wa adabu, anatuma salamu kwamba anangoja jibu. Wakikubali kusalimu amri, tarumbeta ipulizwe. Mkuu wa ngome anampa ishara mpiga tarumbeta wetu. Naye anapanda ukutani, anaileta tarumbeta pembeni mwa mdomo, pale penye pengo, watu wote wa pande zote mbili wanamwangalia. Hapulizi.

Nilimshika mama mdogo mkono. "Kisha?"

"Kisha kimya. Maafisa wa jemadari wakasema, wamenyamaza, maana yake wamekubali, tuingie. Jemadari akawaambia, hapana. Kimya ni jibu, na jibu ni wamekataa. Akavua kofia yake, akageuza farasi, akaondoka na jeshi lake lote."

"Bila kupigana?"

"Bila kupigana. Mtu wa adabu akikataliwa huondoka."

Niliona ajabu kidogo, jeshi lote kuondoka hivihivi. Niliona pia kwamba alikuwa ameshika ukurasa mmoja muda wote bila kuupindua. Lakini alinisomea mara nyingine kesho yake, na kesho kutwa, maneno yaleyale, hadi nikawa nayasema pamoja naye. Nilidhani anapenda mahali hapo. Hata mimi nilipapenda.

Jumamosi iliyofuata Mfasiri alionyesha filamu ya kitabu hichohicho. Nilikwenda nimejawa na fahari ya mtu anayejua mwisho. Ngome ikawa ileile, wagonjwa uani walewale. Mpiga tarumbeta mwenye meno yote akapanda ukutani. Akapuliza! Akapuliza kwa muda mrefu, machozi yanamtoka, malango yakafunguliwa na adui akaingia.

"Imeisha hiyo, wasee!" Mfasiri alipiga kelele. "Wamesurrender! Jamaa amechoka, anataka kurudi kwa mamake!"

"Mwongo!" nilisimama. "Hakupuliza! Kitabuni hakupuliza!"

"We msichana, keti."

"Mwongo wewe, na filamu yako mwongo!"

Nilitolewa nje. Nilikimbia hadi nyumbani nikilia kwa hasira, nikamweleza mama mdogo jinsi walivyoharibu. Aliacha nguo aliyokuwa akiishona, akaninyamazisha, akanifuta uso kwa leso yake. "Unaamini nani?" aliniuliza. Nikamwambia naamini kitabu. "Basi shikilia hapohapo," alisema, akaichukua tena nguo yake.

Siku ya posa ilipofika, wazee walikuja baada ya sala ya alasiri. Bwana Rashidi alikaa barazani na wajomba zake, chini ya dirisha la chumba. Mimi nilikuwa ndani, nimeketi kitandani ubavuni mwa mama mdogo, kwa kuwa alisema hataki kukaa peke yake. Alijifunika leso hadi usoni. Mjomba Bakari akaja akasimama mlangoni na wazee wawili wa kushuhudia, amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Alikuwa na furaha, nami nilimpenda mjomba wangu, alikuwa mtu mwema.

"Saumu," alisema, "Bwana Rashidi wa Taru ameleta posa kwa heshima zote. Umeridhia?"

Kimya. Nje, mtu alikohoa.

"Saumu, umeridhia?"

Mjomba akauliza mara ya tatu. Sauti haikutoka. Wale wazee wakatazamana, mmoja akaanza kutabasamu, na mjomba akainua viganja.

"Alhamdulillahi. Kimya chake ni ridh—"

"Hapana, mjomba!" nilisema. "Amekataa!"

"Nyamaza wewe mtoto!"

"Kimya ni jibu, na jibu ni amekataa! Kwenye filamu wamedanganya! Mtu wa adabu akikataliwa huondoka!"

Niliyasema kwa sauti yangu yote, ileile iliyonitoa kwenye banda la video siku chache nyuma. Mjomba akanishika mkono kunitoa. Bibi akaja mbio kutoka jikoni, ametaharuki, akisema mtoto huyu ana homa. Mzee mmoja alikuwa akicheka hadi akashika ukuta. Mimi nililia na kurudia maneno yangu, na kadiri nilivyovutwa ndivyo nilivyoshikamana na mwimo wa mlango. Katika vurugu hilo sauti ikaingia kupitia dirishani, ya chini, yenye subira.

"Bwana Bakari."

Mjomba aligeukia dirisha.

"Bwana Bakari, tafadhali mwulize tena dada yako," alisema Bwana Rashidi. "Atujibu kwa mdomo wake. Wallahi mie sitachukua kimya."

"Lakini mila, bwana…"

"Mila naijua. Mwulize."

Mjomba aliniachia mkono. Alimwuliza mara ya nne, na safari hii hakusema kama anayetangaza, alisema kama kaka. Mama mdogo aliteremsha leso hadi mabegani. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Sitaki, kaka," alisema. "Nisamehe. Na yeye anisamehe, hana baya."

Nikasikia watu wakiinuka barazani. Bwana Rashidi alimuaga bibi dirishani, akamwambia asali na samli si vya kurudishwa, akavaa viatu vyake kule mbali alikoviacha. Nilichungulia. Nilikuwa nimemshuku miezi yote ile kwa sababu ya adabu yake, na mwisho ni adabu hiyohiyo iliyotufaa. Baadaye alioa mke wa hukohuko, na kwa ninavyosikia waliishi vizuri. Mjomba alikaa muda mrefu bila kula nyumbani kwetu. Alikuwa akija hadi uani, akimsabahi bibi, akaondoka, na Saumu alikuwa akimpikia chakula ambacho hakikuliwa. Jambo hilo lilimuumiza Saumu kuliko alivyokuwa akikubali. Lakini alikwenda kwenye mapokezi yake, kisha akahamia hoteli nyingine Diani, na vitabu akaniachia mimi.

Nilikuwa kidato cha pili nilipoweza kukisoma kile cha mwisho bila kamusi. Nilikifungua nikijua ninachokwenda kukutana nacho, kama mtu anayekwenda kumwamkia jirani. Ngome, wagonjwa, jemadari na salamu zake. Mkuu wa ngome akatoa ishara. Mpiga tarumbeta akapanda ukutani, akapuliza. Alipuliza hata kabla mkuu hajaushusha mkono, na mwandishi alieleza mlio ule kwa ukurasa mzima. Malango yakafunguliwa. Hakuna aliyevua kofia, hakuna aliyegeuza farasi. Niliusoma ukurasa ule mara nyingi, nikatafuta kama kuna karatasi iliyochanika, nikanusa hata mshono. Filamu, pamoja na meno yake na farasi wake mweupe, hapo ilikuwa imesema kweli. Na Mfasiri niliyemtukana mbele za watu alikuwa ametafsiri sawasawa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimewashuku wachuuzi, wageni, wachumba na filamu nzimanzima, na aliyenidanganya alikuwa akinifuta machozi kwa leso yake.

Nilimngoja hadi Idi. Alikuja amevaa sare ya kazi, amechelewa, ana haraka ya kurudi zamu ya jioni. Nikamwonyesha ukurasa. Hakuuliza ni wa nini. Aliketi kwenye kitanda kilekile, akasoma hadi mwisho polepole, akakifunga kitabu.

"Ulinidanganya," nilimwambia. Nilikuwa na hasira ya kweli, na nilimpenda.

"Nilikudanganya."

"Kwa nini usiseme mwenyewe tangu mwanzo?"

"Nilijaribu. Kila nikifungua mdomo namwona kaka, na furaha aliyokuwa nayo. Ningesema sitaki, wangesema hoteli imeniharibu. Mtoto akisema, amesema mtoto." Akanitazama. "Nawe ulikuwa huamini mtu. Nikajua ukiamini kitu kimoja, hata wakukate, hutakiacha."

"Na kama siku ile ningeogopa? Ningenyamaza?"

Alikuwa tayari amesimama, anatafuta viatu vyake kwa miguu chini ya kitanda. Alikaa tena.

"Ningeolewa," alisema.